Adolf Harnack na Tarikhi ya Itikadi za Kikristo: Shahidi Huyu Tumpokeeje?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Mara nyingi katika mabaraza yetu, panapozungumzwa khabari za dini ya Kikristo, husikika mtu akisema, "Hata wanavyuoni wao wenyewe wamekiri." Maneno haya hupendeza masikioni, na aghlabu huwa ndiyo mwisho wa mazungumzo. Lakini msemaji akiulizwa ni mwanachuoni gani aliyekiri, alikiri nini, katika kitabu gani na kwa dalili gani, huonekana hana jawabu. Amelisikia neno kwa fulani, na fulani alilisikia kwa mwingine.

Huu si mwendo tuliofundishwa. Wanavyuoni wa Hadithi hawakupokea neno mpaka wamjue aliyelisema: alikuwa nani, alisoma kwa nani, alikuwa mkweli au mwongo, alikuwa na hifadhi nzuri au alisahau, na je, alikuwa na haja yake mwenyewe katika lile alilolipokea? Ikiwa hiyo ndiyo hukumu katika maneno ya watu wetu wenyewe, basi ni wajibu zaidi tuifuate tunapotaka kumsimamisha mtu wa dini nyingine awe shahidi juu ya watu wake.

Kwa hiyo darsa hii tumeifanya juu ya mtu mmoja katika wanavyuoni hao, naye ni Mjerumani aitwaye Adolf Harnack. Katika watu walioichunguza tarikhi ya itikadi za Kikristo, ni wachache waliofika daraja yake, na jina lake limetajwa sana na wanaoshindana na Ukristo na wanaoutetea. Tutaeleza alikuwa nani, aliandika nini, alijibiwa nini na wenzake, na alisema nini juu yetu sisi. Kisha tutauliza: shahidi huyu tumpokeeje?

MTU MWENYEWE

Harnack alizaliwa tarehe 7 Mei 1851 katika mji wa Dorpat, ambao siku hizi waitwa Tartu na umo katika nchi ya Estonia. Zama hizo mji huo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi, lakini watu wake Harnack walikuwa Wajerumani. Baba yake, Theodosius Harnack, alikuwa mwalimu wa elimu ya dini katika chuo kikuu cha hapo, mfuasi wa madhehebu ya Luther, mtu aliyezishika itikadi za wazee wake kwa nguvu. Adolf alisoma Dorpat, kisha Leipzig, na huko Leipzig akaanza kusomesha mwaka 1874. Akahamia Giessen mwaka 1879, na Marburg mwaka 1886. Mwaka 1888 akaitwa Berlin, na huko ndiko jina lake lilikoenea duniani. Alikufa katika mji wa Heidelberg tarehe 10 Juni 1930.

Kazi zake hazikuwa za dini peke yake. Tangu mwaka 1905 mpaka 1921 alikuwa mkuu wa maktaba ya kifalme ya Berlin. Mwaka 1911 akawa rais wa kwanza wa Jumuiya ya Kaiser Wilhelm, iliyoundwa kwa ajili ya utafiti wa elimu mbalimbali, na ambayo baada ya Vita Vikuu vya Pili mahala pake pamechukuliwa na Jumuiya ya Max Planck. Basi mtu huyu hakuwa mwasi aliyejificha pembeni akirusha mawe. Alikuwa mtu mkubwa katika nchi yake, na alijihesabu kuwa Mkristo mpaka siku ya kufa kwake.

Hata hivyo elimu yake ilimgharimu. Ilipotoka juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa, baba yake alimwandikia waraka wa huzuni, akamwambia kwamba mtu mwenye kuuona ufufuo wa Yesu kama yeye Adolf anavyouona, hawezi tena kumhesabu kuwa mwanachuoni wa Kikristo. Na alipotakiwa Berlin, baraza kuu la Kanisa la Kiprotestanti lilipinga, na mambo hayakumalizika mpaka waziri mkuu Bismarck alipomwunga mkono na mfalme Wilhelm wa Pili kupitisha uteuzi wake. Mwaka 1892 ikazuka fitina nyingine: wanafunzi wake walimwuliza juu ya ile shahada ya imani ya Kikristo iitwayo Kanuni ya Imani ya Mitume, kama wapaswa kutaka iondolewe. Akawajibu kwamba haifai kuiondoa hivi hivi, lakini akasema pia kwamba baadhi ya maneno yake ni mazito kwa Mkristo aliyesoma kuyakubali. Jawabu hili halikuwaridhisha wakali wa pande zote mbili. Kanisa halikumpa haki ya kuwatahini wanafunzi aliowasomesha mwenyewe.

KAZI YAKE KUBWA

Kitabu chake kilichomtangulia kwa sifa ni kile cha tarikhi ya itikadi za Kikristo, kilichotoka kwa juzuu tatu baina ya mwaka 1886 na 1890. Tuelewe kwanza anachokikusudia. Hakuandika tarikhi ya maaskofu na wafalme, wala ya vita na makanisa. Alichokiandika ni tarikhi ya "dogma", yaani itikadi ambayo Kanisa limeipasisha na kuifanya sharti ya imani, hata mwenye kuikataa akatolewa katika jamaa. Swali lake ni hili: itikadi hizi zilipatikana vipi? Zilikuwa zimekamilika tangu siku ya kwanza, au zilijengwa kidogo kidogo, na kama zilijengwa, zilijengwa kwa vifaa gani?

Jawabu lake, kwa maneno yetu, ni kwamba kiwanja ni cha Injili, lakini fundi aliyejenga nyumba ni akili ya Kiyunani. Wafuasi wa kwanza wa Nabii Isa (a.s.) walikuwa Mayahudi wa Palestina, wakisema Kiaramu, wakiungojea ufalme wa Mungu. Ujumbe ukatoka huko ukaingia katika miji mikubwa ya dola ya Kirumi: Antiokia, Aleksandria, Korintho na Rumi yenyewe. Watu waliosoma katika miji hiyo walikuwa wamelelewa na falsafa, khasa falsafa ya Plato na ya Wastoa, na lugha ya elimu ilikuwa Kiyunani. Yeyote aliyetaka kuwaeleza imani yake alilazimika kuieleza kwa istilahi zao.

Katika karne ya pili walitokea waandishi walioitetea dini yao mbele ya wenye elimu na watawala. Mmoja wao ni Justin, aliyeuawa Rumi karibu na mwaka 165. Waandishi hawa walilishika neno "Logos", ambalo maana yake ni Neno na pia ni Akili, na ambalo wanafalsafa walilitumia kwa ile nguvu inayoupanga ulimwengu. Neno hilo lilikuwa limekwisha kuingia katika Injili ya Yohana, lakini waandishi hawa ndio waliolifanya nguzo ya hoja yao: hiyo Logos muijuayo, walisema, ndiyo Kristo. Harnack aliiona hatua hii kuwa na athari kubwa kuliko nyingine yoyote katika tarikhi ya itikadi za Kikristo. Kwani tangu hapo swali halikuwa tena, "Isa alifundisha nini?" Swali lilikuwa, "Logos ni wa dhati gani?"

Na swali hilo ndilo lililowatenga watu. Arius, padri wa Aleksandria, alisema kuwa Logos ni kiumbe, ingawa ni wa kwanza na mtukufu kuliko viumbe vyote. Askofu wake alimpinga, na baadaye akatokea Athanasius kuwa bingwa wa wapinzani wake. Mfalme Konstantino akawakusanya maaskofu katika mji wa Nisea mwaka 325, mji ambao leo waitwa Iznik na umo nchini Uturuki, na baraza hilo likapasisha kwamba Mwana ni wa dhati moja na Baba. Ugomvi haukuisha. Baraza la Konstantinopoli la mwaka 381 liliyathibitisha hayo ya Nisea, na lile la Kalkedoni la mwaka 451 likapasisha kuwa Kristo ni mmoja mwenye tabia mbili, ya kiungu na ya kibinadamu. Harnack aeleza kila hatua kwa kuwataja wasemaji wake, vitabu vyao, maneno yao, na wale waliowajibu.

MAMBO MATATU YASEMWAYO PASI NA DALILI

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwani baadhi ya ndugu zetu hulitia jina la mwanachuoni huyu, na la wengine mfano wake, katika maneno ambayo hawakuyasema.

La kwanza ni kwamba Injili nne zilichaguliwa kwa kura katika baraza la Nisea na nyingine zikachomwa. Jambo hili halina asili. Yaliyopasishwa Nisea yajulikana, nayo ni juu ya dhati ya Mwana, na tarehe ya sikukuu ya Pasaka, na kanuni za maaskofu na mapadri. Hesabu ya Injili nne yaonekana wazi katika maneno ya Irenaeus, askofu wa Lyon, karibu na mwaka 180, yaani karibu karne moja na nusu kabla ya Nisea.

La pili ni kwamba hapana Mkristo aliyempa Isa daraja ya uungu kabla ya mfalme Konstantino. Na hili pia si kweli kwa tarikhi. Karibu na mwaka 112, Pliny, liwali wa Kirumi aliyekuwa akitawala Bithinia, alimwandikia mfalme Trajan kumpa khabari za Wakristo wa huko, na katika waraka huo asema kuwa hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama aimbiwavyo mungu. Liwali huyo hakuwa Mkristo wala Mwislamu, na hakuwa na haja ya kulitia chumvi jambo hilo. Sisi twaamini kuwa itikadi hiyo ni batili. Lakini ubatili wa itikadi ni jambo moja, na tarehe ya kuanza kwake ni jambo jingine. Harnack mwenyewe hakusema kuwa mambo yalianza Nisea. Yeye aufuata mkondo tangu karne ya kwanza.

La tatu ni kwamba Harnack alithibitisha kuwa vitabu vya Agano Jipya viliandikwa zama za mbali sana na zama za Isa. Kweli ni kinyume cha hayo. Kabla yake palikuwa na wanavyuoni wa mji wa Tübingen, wakiongozwa na F. C. Baur, ambao waliviweka vingi katika vitabu hivyo katikati ya karne ya pili. Harnack alipoandika kazi yake juu ya tarehe za maandiko ya kale ya Kikristo, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1897, alitangaza katika dibaji kwamba uchunguzi warudi kuelekea mapokeo, na kwamba maandiko ya kale zaidi ya Kanisa kwa jumla ni ya kutegemewa kuliko walivyodhani watu wa kabla yake. Na mwaka 1911 alifika kusema kuwa kitabu cha Matendo ya Mitume kiliandikwa Paulo angali hai.

Tazameni, ndugu zetu, mtu huyu alivyokuwa. Wengi wa wafuasi wake wangalifurahi lau angalisema vingine, lakini alipoona dalili zampeleka upande wa pili alikwenda nazo, akalitangaza jambo hilo mbele ya watu. Hii ndiyo amana ya elimu.

KIINI NA GANDA

Katika majira ya baridi ya mwaka 1899 kuingia 1900, Harnack alitoa darsa 16 katika chuo kikuu cha Berlin juu ya swali, "Ukristo ni nini?" Waliohudhuria walikuwa wanafunzi wapatao 600, wa dini na wa udaktari na wa sheria, na wa fani nyinginezo. Mwanafunzi mmoja aliyaandika maneno yake kwa mwandiko wa mkato, na kwa hivyo yakapatikana na kupigwa chapa mwaka 1900, kisha yakafasiriwa kwa lugha nyingi.

Katika darsa hizo alisema kuwa kila jambo la tarikhi lina kiini na ganda, na kazi ya mwanachuoni ni kuvitenga viwili hivyo. Sisi watu wa pwani twaweza kulifahamu jambo hili kwa nazi: kuna makumbi, na kifuu, na nyama ya nazi ambayo ndiyo makusudio. Harnack alikikuta kiini cha mafundisho ya Isa katika mambo matatu: ufalme wa Mungu na kuja kwake, Mungu kuwa Baba, na thamani isiyo na mwisho ya roho ya mwanadamu, na uadilifu wa juu pamoja na amri ya mapenzi. Akasema pia kwamba Injili, kama Isa mwenyewe alivyoitangaza, ilikuwa yamhusu Baba, wala Isa hakujifanya nafsi yake kuwa sehemu ya yale aliyotaka watu wayaamini.

Neno hili la mwisho ndilo linalowapendeza Waislamu, nalo ndilo linalonukuliwa zaidi. Lakini mwenye kulinukuu na akaacha mengine huwa amekata ushahidi nusu. Harnack aliamini kuwa Isa alikuwa na ujuzi wa Mungu ambao hapana mwingine aliyekuwa nao, na kwamba yeye ndiye njia ya watu kumjua Baba. Kusulubiwa kwake alikuhesabu kuwa jambo lililothibiti, na sisi katika Qur'ani, Suratun Nisaa, aya ya 157, tunayo khabari nyingine. Miujiza hakuipokea kama tuipokeavyo sisi, wala kuzaliwa kwa Isa bila ya baba, ambako kwetu ni katika nguzo za imani kwake. Basi mtu huyu, katika mambo mengine, yu mbali nasi kuliko alivyo Mkristo wa kawaida wa kanisani.

WALIOMJIBU

Wakatoliki walimjibu kwa ulimi wa Alfred Loisy, padri wa Kifaransa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1902. Loisy alisema kuwa dini si tunda la kumenywa maganda mpaka kibaki kiini, bali ni mfano wa mbegu inayomea. Mwenye kuutaka uhakika wa mti hautafuti katika mbegu peke yake, bali katika uhai wote wa mti, mizizi na matawi. Kwetu tungesema: mwembe haujulikani kwa kokwa tu. Jambo la ajabu ni kuwa Loisy, aliyelitetea Kanisa lake, alikuwa naye ameupokea uchunguzi wa tarikhi. Na Kanisa lilikipiga marufuku kitabu chake mwaka 1903, na yeye mwenyewe likamtenga mwaka 1908.

Mayahudi walimjibu kwa ulimi wa Leo Baeck, aliyetoa kitabu juu ya asili ya dini ya Kiyahudi mwaka 1905. Lawama ya Baeck na wenzake ilikuwa ya haki. Harnack, ili aonyeshe kuwa Isa alileta jambo jipya, aliwachora Mafarisayo kwa wino mweusi, bila ya kuvisoma vitabu vya Mayahudi kwa uangalifu ule ule aliovisomea vitabu vya Wakristo. Na mwaka 1921, katika kitabu chake juu ya Marcion, mtu wa karne ya pili aliyeyakataa maandiko ya Kiyahudi, Harnack aliandika kwamba kuendelea kwa Waprotestanti kuliweka Agano la Kale katika daraja ya maandiko yenye hukumu, hata katika karne ya 19, ni dalili ya kupooza kwa Kanisa lao. Neno hilo lilikuwa na khatari katika nchi ya Ujerumani, na watu wengi wamemlaumu kwalo mpaka leo.

George Tyrrell, padri mwengine wa Kikatoliki, alimfananisha na mtu aliyechungulia katika kisima kirefu cha karne 19 akaona uso chini, naye asijue kuwa ni uso wake mwenyewe, uso wa Mprotestanti wa zama zake. Na wanavyuoni waliokuja baadaye wameonyesha kuwa hata ule mgawanyo wa "Kiyahudi" na "Kiyunani" hauko wazi kama alivyoudhani. Martin Hengel, katika kitabu kilichotoka mwaka 1969, alitoa dalili nyingi kuwa lugha na elimu ya Kiyunani ilikuwa imeingia Palestina na katika maisha ya Mayahudi karne nyingi kabla ya Isa.

Lakini jawabu lililomwumiza zaidi halikutoka katika kitabu. Mwezi wa Oktoba 1914, wasomi 93 wa Kijerumani walitia saini tangazo la kuitetea nchi yao katika vita, vita vile vile ambavyo mwezi uliofuata vilifika Tanga. Katika tangazo hilo walikana, pamoja na mengine, kwamba majeshi yao yaliutendea ukatili mji wa Leuven wa Ubelgiji. Nayo maktaba ya chuo kikuu cha mji huo ilikuwa imeteketezwa kwa moto mwezi wa Agosti. Jina la Harnack lilikuwamo. Mkuu wa maktaba ya kifalme ya Berlin, mtu aliyekuwa hapokei tarehe ya waraka wa karne ya pili mpaka auchunguze kila upande, alitia saini jambo asilolishuhudia kwa sababu lilisemwa na watu wa taifa lake. Karl Barth, aliyekuwa mwanafunzi wake Berlin, alipoyaona majina ya waalimu wake katika tangazo hilo alivunjika moyo na mafundisho yao, akashika njia nyingine katika elimu ya dini. Mwaka 1923 mwalimu na mwanafunzi wake wa zamani walijadiliana hadharani kwa kalamu, wala hawakuafikiana.

ALIVYOSEMA JUU YETU

Msomaji aliyetufuata mpaka hapa pengine atauliza: naye alisema nini juu ya Uislamu? Katika chapa ya nne ya tarikhi ya itikadi, juzuu ya pili, mna sehemu iliyo juu ya dini yetu. Muhtasari wa rai yake ni kwamba Uislamu ni dini ya Kiyahudi iliyokwisha kugeuzwa na Wakristo wa asili ya Kiyahudi wenye elimu za siri, kisha ikageuzwa mara ya pili katika nchi ya Arabuni kwa mkono wa nabii mkubwa. Yaani aliutazama Uislamu kwa jicho lile lile alilouangalia Ukristo: akatafuta vifaa vimetoka wapi na fundi ni nani, wala wahyi hakuupa nafasi katika hesabu yake.

Sisi hatukubali rai hiyo. Fani ya Harnack ilikuwa maandiko ya Kiyunani na ya Kilatini, wala si Kiarabu, na kufanana kwa mambo mawili si dalili peke yake kwamba moja limeazimwa kwa jingine. Na kwetu sisi ufanano baina ya ujumbe wa Mitume wawajibika kuwapo, kwani aliyewatuma ni Mmoja. Lakini tuangalie hoja yetu ilivyo. Tukisema, "Harnack ni bingwa wa tarikhi, na neno lake juu ya Utatu halipingiki," mwenzetu wa Kikristo atatuuliza, "Na neno lake juu ya Qur'ani?" Tutajibu nini? Hatuwezi kuupokea mzani siku ya kupimiwa mwenzetu, na kuuvunja siku ya kupimiwa sisi.

FAIDA TUNAYOIPATA

Basi shahidi huyu tumpokeeje? Jawabu letu ni kwamba tumpokee katika lile alilolileta kwa dalili, kwa kadiri ya dalili yake, na tulipime kila neno kwa nafsi yake. Akisema neno fulani liliingia katika vitabu vya Kanisa katika karne fulani, na akaonyesha kitabu na mahala, hiyo ni elimu, na elimu yapokewa popote ilipo. Akitoka hapo akahukumu kuwa jambo fulani ni kiini na fulani ni ganda, hiyo ni rai yake, na rai ina mlango wa kujadiliwa. Na akitia saini khabari aliyoletewa na watu wa taifa lake, hiyo si elimu wala si rai, ni kufuata kabila. Mtu mmoja aweza kuwa na daraja zote tatu katika maisha yake, na msomaji mwenye akili huzitenga.

Faida ya pili ni katika adabu ya majadiliano. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 8, ametukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Na uadilifu wa mwenye kujadili ni kumnukuu mtu kama alivyosema, mwanzo wa neno lake na mwisho wake. Tunaishi na Wakristo mtaa mmoja, watoto wetu husoma pamoja, na hapana mtu aliyevutwa kwenye haki kwa khabari ya uongo. Kijana wetu akienda shule na hoja ya Nisea iliyooza, akakutana na mwalimu aliyesoma, ataaibika. Na khatari kubwa si aibu hiyo. Khatari ni kwamba akishaona kuwa lile alilofundishwa nasi halikuwa kweli, aweza kudhani kuwa yote tuliyomfundisha ni hali moja.

Faida ya tatu ni ngumu zaidi, kwani yatuhusu sisi tunaojiita watu wa kutengeneza. Sisi pia twasema kuwa dini ina asili, na kwamba juu ya asili hiyo yamerundikana mambo ya mila na mazoea yasiyokuwamo. Nasi pia twataka kubandua makumbi tufike kwenye nazi. Tarikhi yetu nayo ina mabaraza yake na watawala wake: tunajua kwamba falsafa ya Kiyunani iliingia katika majadiliano ya wanavyuoni wa itikadi, na kwamba mwaka 833 Khalifa Maamun aliwalazimisha wanavyuoni kwa nguvu za dola wakubali kuwa Qur'ani imeumbwa, hata Imam Ahmad bin Hanbal akafungwa kwa kukataa. Hayo hatuyafichi, wala hayatutii wahka, kwani Qur'ani na Sunna zipo kuwa mzani wa kuyapimia.

Lakini kile kisima alichochungulia Harnack kipo uani petu pia. Mtu wa kutengeneza aweza kusema, "Hii ndiyo asili ya dini," kumbe alichokiona ni uso wake: mapenzi yake, ghadhabu zake juu ya jirani, au fikra za zama zake alizozisoma gazetini. Dawa yake si kuacha kuchungulia, kwani mwenye kuacha kisima hupata kiu. Dawa ni kuteka maji na kuyaonyesha: kila tunaposema jambo ni katika asili, tulete aya au Hadithi iliyo sahihi, na tueleze wanavyuoni walivyoifahamu, hata wale wanaotukhalifu. Na kila tunaposema jambo ni bid'a, tuonyeshe lilianza lini na kwa nani, kwa subira ile ile tunayoitaka kwa wengine. Tukishindwa kuonyesha, tunyamaze mpaka tujue.

Na tusome. Katika miji yetu wapo vijana wanaojua Kiarabu, na wapo wanaojua Kiingereza, na wachache wanaojua zote mbili vizuri. Hao wachache ndio tunaowahitaji, waketi na vitabu vyenyewe, vya kwetu na vya wenzetu, wakituletea khabari iliyo na mwanzo na mwisho. Baraza itakayomwuliza kila msemaji, "Umelisoma wapi?" itasema machache kuliko ilivyozoea, na yale itakayoyasema yatakuwa na uzito.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atujaalie kuiepuka. Amin. Wallahu aalam.